Kofia Iliyotundikwa Mlangoni

Uswidi,
Jumapili, mwezi wa kumi na moja

Kwa Bibi yangu, Bi Mwanahawa wa Mzenga, Kisarawe.

Shikamoo Bibi. Najua mume haamkii mkewe, na ungekuwa karibu ungenicheka, lakini leo nakuamkia kwa heshima zote kwa sababu nina jambo la kukueleza na sijui utalipokeaje. Hujambo lakini? Goti limetulia? Mvua za vuli zimeshuka huko? Na sasa umo katika eda, nani anakulimia mihogo? Wale viongozi wa kijiji kipya cha ujamaa wamekubali ubaki katika nyumba ya zamani mpaka eda iishe, au bado wanakusumbua uhame? Mimi kwa mwili ni mzima. Nakula, natembea, ila moyo haujatulia hata kidogo.

Dada Zuhura, wewe unayemsomea Bibi, soma polepole na usiruke mahali. Bibi, najua wewe sasa ni mwanakisomo na herufi unazijua, lakini mwandiko wangu leo ni mbovu.

Barua ya Baba kutoka Visiga ilinifikia. Pole, Bibi. Pole sana, mke wangu. Babu amekwenda na mimi niko huku mwisho wa dunia. Baba anasema alizikwa penye mikorosho yake, na watu walijaa kutoka Mzenga mpaka Mlandizi. Nimeisoma mara nyingi barua ile nikitafuta jambo moja, sikuliona. Baba hakuandika ni nani aliyevaa kofia ya Babu. Mimi ndiye niliyepewa jina lake, mimi ndiye Kondo mdogo, kazi ile ilikuwa yangu. Naomba unijibu hilo, Bibi, kwa sababu ndilo lililoniingiza katika matata niliyo nayo sasa.

Matata yenyewe ni haya. Sanduku langu nimeshalifunga, liko karibu na kitanda. Jumatano anakuja yule mama wa chama kilichotuleta wanafunzi huku, kuamua kama nitabaki nimalize mwaka wangu au nitapandishwa ndege nirudi. Huenda nikafika mimi kabla ya barua hii. Naandika hivyo hivyo, maana nikikaa bure nitapasuka.

Ngoja nianze mwanzo, nisije nikaonekana mhuni.

Watu ninaokaa nao ni wema, hilo nalisema kwanza. Baba mwenye nyumba anafanya kazi kiwanda cha mbao, mkewe ni muuguzi, na wana binti mmoja, Karin, tunasoma naye darasa moja. Huku mtoto anamwita baba yake kwa jina tupu, na mwalimu vilevile! Mimi nimeshindwa. Ulimi unakataa. Nawaita Baba Karin na Mama Karin, wao wanacheka lakini wanaitikia. Siku ya kwanza shuleni mwalimu alipoingia nilisimama wima kama tunavyofanya Kibaha, nikajikuta nimesimama peke yangu, darasa zima linanitazama. Baada ya vipindi nikauliza majembe yako wapi, tunalima saa ngapi. Hakuna shamba la shule, Bibi. Wanasoma tu, basi, wanakwenda nyumbani. Chakula ni viazi leo, viazi kesho. Nguruwe hawanipi, wananichemshia samaki pembeni, na katika hilo hawajakosea hata siku moja. Kitu kinachonitesa ni ukimya. Watu wanapanda basi wakajaa na hakuna anayemwamkia mwenzake. Jua nalo sasa linatokea kidogo tu, halafu giza.

Katika nyumba hii yumo bibi mmoja, mama yake Baba Karin. Wanamwita Farmor, maana yake mama mzaa baba. Mrefu, mkavu, hasemi sana, na ukimwona mara ya kwanza utadhani ana hasira. Mimi nilikuwa namwogopa. Halafu Jumamosi moja alikaanga, samahani, huku hawakaangi, wanaoka. Alioka maandazi, na nilipouma nikakutana na iliki. Iliki, Bibi! Nilisimama pale jikoni na andazi mdomoni nikafumba macho, nikaliona kabisa jiko lako, na wewe unanifukuza kwa mwiko. Farmor akanitazama, akanisogezea la pili. Tangu siku hiyo nikawa nakaa naye jikoni, yeye anafuma soksi na mimi nafanya hesabu zangu, hatusemi kitu. Nikamhesabu ni bibi yangu.

Mumewe alifariki kabla sijaja. Mlangoni pana vigingi vya kutundikia makoti, na kimoja kina kofia ya pama, nyeusi, ya huyo marehemu. Hakuna anayeigusa. Mama Karin akifuta vumbi anaizunguka. Mezani pana kiti chake, mtu hakalii. Na jina lake halitajwi kabisa. Siku moja nilimuuliza Karin babu yake aliitwa nani, akageuka kwanza kuangalia kama Farmor yuko karibu, ndipo akaninong'oneza, kama tunaiba.

Basi barua ya Baba ikaja. Wewe unajua kwetu habari ya msiba mtu haisomi peke yake. Anaketishwa, anashikwa mkono, kisha anaambiwa. Mimi niliisoma nimesimama barabarani penye sanduku la barua, theluji inaniangukia kofiani. Nikaikunja nikaitia mfukoni, nikaenda shule. Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani, na kwa nyumba ile isiyotaja maiti wake, ningeanzia wapi? Nililia chooni, nikanawa uso, nikarudi darasani.

Haikupita muda ikafika siku yao ya kuzuru makaburi. Tulikwenda wote. Waliwasha mishumaa kwenye theluji, makaburi yote yanawaka, ni kitu cha kupendeza usiseme. Lakini hakuna aliyelia, hakuna aliyesoma dua, hakuna aliyesema marehemu alikuwa mtu wa namna gani. Farmor alisimama mbele ya kaburi la mumewe kanyooka, midomo kaibana. Kisha tukarudi nyumbani kunywa kahawa. Tukakaa. Vijiko vinagonga vikombe tu. Farmor anakitazama kile kiti. Na mimi moyoni namwona Babu wangu chini ya mikorosho, na wewe ndani na kanga nyeupe, na hakuna Kondo wa kukuchekesha.

Bibi, unakumbuka alipokufa babu mdogo Mwinshehe? Bibi mdogo alikuwa hali, hanywi, tukadhani atamfuata. Mimi nilikuwa bado mdogo. Wewe mwenyewe ndiye uliyenisukuma: "Wajukuu mmekaa tu kama wageni? Mtamwacha mke wenu afe kwa njaa?" Nikavaa kofia ya marehemu, nikachukua mkongojo wake, nikaingia nikiinama na kukohoa vile alivyokuwa akikohoa, nikamwambia Bibi mdogo: "Mke wangu, nimetoka shamba, maji ya kuoga yako wapi? Au nimekaa sana umeshapata mwingine?" Akacheka mpaka akalia, akalia mpaka akaomba uji. Watu wakasema mjukuu kafanya kazi yake.

Basi siku ile mezani kwa watu nilijiona nimekaa tu kama mgeni. Nikainuka. Nikaenda mlangoni, nikaitungua ile kofia ya pama nikaivaa. Nikarudi ninachechemea, maana nilisikia marehemu alikuwa na mguu mbaya. Nikavuta kile kiti nikakikalia, nikagonga meza, nikamwambia Farmor kwa Kiswidi kisicho na kosa hata moja, kwa bahati mbaya: "Mke wangu, nimerudi. Kahawa yangu iko wapi?"

Hakuna aliyecheka.

Farmor aligeuka rangi akawa kama karatasi. Kikombe kilimponyoka, kahawa ikamwagika kwenye kitambaa cheupe, hakuna aliyeifuta. Akashika ukingo wa meza, akainuka, akapanda ngazi kwenda chumbani kwake bila kutazama nyuma. Tukasikia mlango unafungwa.

Baba Karin alisimama. Sijapata kumwona vile. Alisema kwa sauti ndogo tu, "Kondo. Vua." Nikavua. Akaichukua kwa mikono miwili, akaifuta kwa mkono wa shati pale nilipoishika, akairudisha kwenye kigingi chake.

"Huyo alikuwa baba yangu," akasema.

"Najua. Ndiyo maana..."

"Nenda chumbani kwako."

Nilikwenda, Bibi. Tangu siku hiyo Baba Karin hajaniambia neno. Mama Karin ananiwekea chakula na hanitazami. Farmor anapelekewa chakula juu na kinarudi kama kilivyokwenda, na hilo ndilo linalonichoma kuliko yote. Mwanamke mzima amekataa kula kwa ajili yangu. Nilikwenda mlangoni kwake nikabisha hodi nikasema nisamehe, hakuitika. Karin aliniambia kwenye njia ya shule, "Wanaona ulikuwa unamdhihaki Babu. Mbele ya Farmor, siku ile ya makaburi! Kwa nini, Kondo?" Nikafungua mdomo nimweleze, nikaona kila neno nitakalosema litaongeza ubaya. Utamwelezaje mtu asiyejua utani kwamba ulikuwa unafariji? Nikanyamaza, naye akaona nimekubali kosa. Kisha nikamsikia Mama Karin anaongea kwenye simu na mama wa chama, nikasikia jina langu, nikaenda kufunga sanduku.

Nawaza nikirudishwa nitasema nini. Mwalimu mkuu Kibaha alinisimamisha mbele ya shule nzima siku ya kuniaga. Shehe alinisomea dua pale kwa Baba Visiga, watu wakala pilau. Nitashuka basi pale kituo cha Picha ya Ndege na sanduku langu, na wa kwanza kuniona atauliza mbona mapema, na mimi nitajibu nimefukuzwa kwa kumtania bibi kizee? Nani ataamini? Watasema Kondo kaiba, Kondo kafanya machafu. Nina hofu, Bibi. Na nina hasira vilevile, siwezi kukuficha. Nawakasirikia wao kwa kukaa na msiba kama kitu cha aibu, na najikasirikia mimi kwa kujifanya niko Mzenga. Naishia hapa kwa leo, naitwa mezani.

Jumatano jioni

Bibi, naendelea. Zuhura, mpe kwanza Bibi maji anywe.

Mama wa chama amekuja leo. Mama mnene, mpole, na mkoba mkubwa. Tulikaa wote mezani kasoro Farmor. Akaniuliza kwa upole kabisa, na upole wake ukanitisha kuliko ukali: "Kondo, tunataka kuelewa. Kwa nini ulifanya vile?" Nilikuwa nimejiandaa. Maneno yote nilikuwa nayo. Yakapotea. Nikawa natazama lile doa la kahawa, halijatoka vizuri kwenye kitambaa. Mama wa chama akasubiri, akapumua, akasema huenda ikawa bora kwa kila mtu nikipumzika nyumbani kwetu. Baba Karin alikuwa anatazama dirishani. Nikasema moyoni, haya, kwaheri.

Ndipo tukasikia ngazi zinalia. Farmor anashuka. Kajifunga shali, uso umekonda, nywele kazichana. Akavuta kiti, akakaa mbele yangu, akaniuliza mimi, si wao.

"Kwenu mnafanya hivyo?"

"Ndiyo, Farmor."

"Kwa nani?"

"Kwa bibi aliyefiwa. Mjukuu wa kiume anavaa kofia ya babu, anaiga mwendo wake, anamwita bibi mke wangu. Ni kazi yake. Asipofanya, watu wanasema hampendi."

"Na bibi anafanya nini?"

"Anamtukana, anacheka. Halafu analia. Halafu anakula."

Mama wa chama akataka kusema kitu, Farmor akainua kidole tu, akamnyamazisha. Unamjua mtu wa namna hiyo, Bibi, maana wewe ni mmoja wao. Akaniuliza, "Babu yako yu hai?"

"Amefariki."

"Lini?"

"Mwezi uliopita. Baba aliniandikia."

Mama Karin alijiziba mdomo kwa mkono. Baba Karin akageuka kutoka dirishani. Farmor peke yake ndiye hakushtuka. Aliendelea kunitazama, kisha akaniuliza lile lile ambalo Baba hakuniandikia:

"Na kofia yake, nani ameivaa?"

Nikasema, "Sijui. Mimi sikuwepo."

Hapo nikavunjika, Bibi. Mtoto wa kiume wa kidato cha tatu, mbele ya mama wa chama na mbele ya Karin, nililia kwa sauti, machozi na kamasi, nikilalia lile doa la kahawa. Nililia msiba wako wote niliokuwa nimeukunja mfukoni. Mama Karin akaja akanishika mabega. Hakuna mtu aliyekuwa amenishika tangu nisome ile barua.

Nilipoinua uso, Farmor hakuwepo kwenye kiti. Alikuwa mlangoni. Akarudi na ile kofia, nikadhani anakwenda kuificha nisiiguse tena. Akanivika. Siku ile ya kwanza hata sikuona kama ni kubwa, leo ikanishukia mpaka kwenye nyusi. Akaitazama, akatikisa kichwa, akaisukuma nyuma kwa kidole.

"Nils alikuwa anaivaa hivi," akasema. "Nyuma kidogo. Alijiona kijana mpaka anakufa."

Tangu niingie nyumba ile nilikuwa sijasikia jina hilo likitamkwa kwa sauti. Hewa yenyewe ilibadilika. Farmor akaweka mikono kiunoni, akanikaripia, "Haya, bwana! Umechelewa wapi siku zote hizi? Kahawa unaitaka au huitaki?"

Nikasema naitaka, na maandazi. Baba Karin alijifunika uso kwa mikono, mabega yanamtikisika. Nilidhani analia, kumbe anacheka, na alipoondoa mikono nikaona yote mawili. Akasema, "Alikuwa akigonga meza vile vile kabisa. Wewe umejuaje?" Nikamwambia sikujua, babu wote wanagonga meza. Farmor akala. Maandazi mawili na kipande cha jibini, nilimtazama kila tonge. Wakaanza kusimulia, huyu anadakia na huyu anadakia, jinsi Nils alivyozama ziwani na baiskeli, jinsi alivyokuwa akiimba vibaya kanisani kwa makusudi. Mama wa chama alikunywa kahawa yake mpaka mwisho, akafunga mkoba, akasema haoni sababu ya kunirudisha. Hivyo nabaki, Bibi. Sanduku nimelifungua.

Baadaye jikoni Farmor aliniuliza habari zako. Ilibidi nimwambie ukweli kwamba yeye si mke wa kwanza, kwamba ninaye mkubwa wake Kisarawe, mkali, anapiga kwa mwiko. Akasema basi anamsalimia mkubwa wake kwa adabu zote, na amekufumia soksi za sufu ambazo utazipata pamoja na barua hii. Nilimwambia Mzenga hakuna baridi. Akasema kitanda kikiwa kitupu upande mmoja, miguu hupata baridi hata huko kwetu. Nikazipokea. Zivae ukiwa peke yako, watu wasikucheke.

Nisalimie Baba na Mama Visiga, waambie nasoma na sijamkosea mtu tena. Msalimie shangazi anayekupikia wakati huu wa eda, Mungu amlipe. Msalimie mjomba msimamizi wa duka la kijiji, mwambie sukari akuwekee wewe kwanza. Mwalimu wako wa kisomo mwambie mwanafunzi wake atarudi eda ikiisha, asimpe mtu nafasi yako. Zuhura, wewe nakusalimia mwisho kwa kuwa una kazi moja imebaki.

Bibi, kama kuna mjukuu aliyeivaa kofia ya Babu siku za matanga, mwambie ahsante, arudishe. Kama hakuna, nayo bado iko msumarini pale nyuma ya mlango, usimpe mtu. Iache hapo hapo. Na kwa sababu matanga yalipita sipo, nafanya kazi yangu kwa barua. Zuhura, jifunge kilemba, kohoa kama Babu, soma kwa sauti nzito:

"Mke wangu, nimerudi kutoka shamba. Jua limeniua, mgongo unaniuma, na huyu mwanamke kakaa tu! Maji ya kuoga yako wapi? Au nimekaa sana, umeshapata mwingine?"

Hapo nyamaza, Zuhura. Mpe nafasi. Akicheka niandikie, na akilia niandikie vilevile. Ila kwanza mpikie uji.

Ni mimi mumeo,
Kondo